Namba Arobaini na Sita Imefika?

9 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa, ingawa najua kazini kwako kukaa ni dhambi. Mimi mzima. Baba alikuja Jumapili ya wazazi na vumbi la mbao kwenye nyusi, kama kawaida yake. Amepata kazi ya kutengeneza madawati. Bibi hajambo, ila amegoma kuvaa miwani. Anasema miwani inamwonyesha vumbi ambalo zamani halikuwepo. Anauliza utakuja lini. Mimi pia nauliza, lakini mimi nauliza kwa sauti ndogo.

Sasa nikwambie kilichonipata. Nimechaguliwa kuuza duka la shule. Duka lenyewe ni dirisha moja chini ya ngazi, lenye kifuniko cha mbao na kufuli. Tunauza kalamu, madaftari, sabuni za vipande, dawa ya meno, pedi na biskuti. Mwalimu wa biashara alisema amenichagua kwa sababu sina maneno mengi, kwa hiyo sitapiga soga hadi nisahau chenji. Darasa zima likacheka. Mimi nikarudisha kichwa ndani, kama unavyonijua.

Nyuma ya dirisha naweza. Hata mimi nashangaa. Mtu anasema "kalamu ya bluu", nampa kalamu ya bluu, anakwenda zake. Shida inaanza nikishafunga. Juzi nilikuwa napiga mswaki, povu limejaa mdomoni, msichana wa kidato cha nne akaniuliza kama madaftari ya mistari midogo yamekuja. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Unatikisa hapana hayajaja, au hapana hujui?" Nikameza povu, Shangazi. Nimekula dawa ya meno kwa ajili ya mteja. Na maktabani, mahali pekee ambapo watu walikuwa wamenisahau, sasa wananijia wakinyata na kuninong'oneza sikioni, "Biskuti zimebaki?"

Wewe umeuza viatu tangu mimi sijaanza kutembea. Unafanyaje wakikufuata nje ya duka? Naomba jibu la kweli, si la kunibembeleza.

Matroni hugawa barua siku ya Ijumaa. Kila Ijumaa nitakuwa mstari wa mbele, mimi ambaye sipendi mistari ya mbele.

Kobe wako

27 Februari

Kobe wangu,

Marahaba, mwanangu, tena marahaba kubwa. Nimesoma barua yako dukani nimejificha nyuma ya maboksi ya ndara, nikacheka hadi bosi akadhani nimepaliwa. Mwambie bibi miwani avae, la sivyo siku moja atalisalimia kabati.

Hongera kwa kazi. Na pole kwa kazi. Hayo mawili huja pamoja kama viatu.

Unaniuliza nafanyaje. Sikiliza. Walinifundisha kwamba mteja ni mfalme. Hawakuniambia kwamba mfalme huyu hana ikulu, yuko kila mahali. Nikiwa saluni, kichwa changu kimo ndani ya lile dude la moto, mwanamke ananyanyua mguu mbele ya uso wangu: "Dada wa viatu, hiki kimeanza kufunguka soli, mnabadilisha?" Nikiwa msibani, namfariji mfiwa, mtu ananivuta kitenge kwa nyuma: "Pole sana jamani. Vile vyeusi vya kamba, bei imeshuka?" Jirani mmoja alinigongea mlango nikiwa nimejifunga taulo, akaomba nimpime mtoto.

Lakini nikiri, mimi mwenyewe pia ni mgonjwa wa kazi hii. Unakumbuka nilivyokuwa nakubonyeza ncha ya kiatu kwa kidole gumba, nione vidole vyako vinafika wapi? Wiki jana kwenye foleni ya maji nilimwona mtoto anachechemea. Mkono ukaenda wenyewe. Nikainama, nikabonyeza. Mama yake akaruka: "We mama! Unamfanyia nini mwanangu?" Nikamwambia, "Kiatu kinambana, ongeza namba moja." Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akasema, "Aaa, kumbe ni wewe wa dukani. Mnafunga saa ngapi?" Basi na mimi nikawa nimemfuata mteja nje ya duka. Tumelingana.

Aliyezidi wote ni bwana mmoja mwenye mguu kama mtumbwi. Anavaa namba arobaini na sita. Sisi hatuleti zaidi ya arobaini na nne, na bosi amesema ataagiza, na bosi akisema ataagiza ujue mbuzi ataota masharubu kwanza. Bwana huyu kanikuta sokoni: "Mama, namba arobaini na sita imefika?" Kanikuta barabarani, vilevile. Hata jana nimekaa zangu kwenye benchi mahali fulani, nasubiri shughuli yangu, namsikia nyuma yangu: "Mama, namba arobaini na sita imefika?" Nimembatiza Bwana Arobaini na Sita.

Ushauri wangu: jibu swali moja, kwa upole, kisha rudi kwenye kitabu chako. Usimeze povu. Tema kwanza.

Kuja nitakuja. Kazi imebana tu.

Shangazi yako wa Viatu

16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Habari za maboksi ya ndara? Hapa mvua imenyesha hadi maji yameingia dukani chini ya ngazi, nikaokoa madaftari kabla ya biskuti. Mwalimu wa biashara alisema ningeokoa biskuti kwanza maana zina faida zaidi. Sikumjibu, ila sijutii.

Baba alikuja. Alikaa na mimi chini ya ukuta tukala ndizi bila kuongea, na ilikuwa siku nzuri sana.

Nimefuata ushauri wako. Najibu swali moja kisha narudi kitabuni. Kwa wengi unafanya kazi. Kuna mmoja haufanyi. Ni mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo hata kwa wenzake, sweta lake linamfika magotini. Kila jioni wakati wa kujisomea anakuja maktabani hadi kwenye benchi langu, anasimama. "Dada, sabuni za vipande zimekuja?" Namwambia zipo, njoo kesho duka likifunguliwa. Anasema asante. Haondoki. Anasimama kidogo, kisha anakwenda kukaa benchi la nyuma peke yake. Kesho yake anauliza tena. Sabuni hazijawahi kwisha tangu nianze kuuza! Jana nilimjibu bila kuinua macho: "Duka limefungwa." Akasema asante vilevile.

Nimekuwa mkali, nadhani. Au nimekuwa muuzaji.

Shangazi, lile benchi ulilokaa mara ya mwisho liko wapi? Umesema "mahali fulani." Wewe husemagi "mahali fulani." Wewe husema "pale kwa fundi saa, karibu na yule mwanamke mwenye jino la dhahabu."

Kobe

20 Aprili

Kobe wangu wa maktabani,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako nilikuwa naibeba kwenye mkoba kila siku, najiambia leo nitajibu, mkoba ukawa unajua habari zako kuliko mimi.

Umefanya vizuri kuokoa madaftari. Biskuti iliyolowa hata panya hula, daftari lililolowa nani alitake?

Hapa dukani mambo yamebadilika kidogo. Bosi ameniweka kaunta, kwenye kiti kirefu, eti na mimi nipumzike baada ya miaka mingi. Wapimaji sasa ni wasichana wawili wapya. Wanapima watu wakiwa wamesimama! Wanawarushia kiatu kama mtu anayemrushia mbwa mfupa, kisha wanauliza, "Kimekutosha?" Mtu mwenye haya atasema kimemtosha hata kama anaumia. Mimi nilifundishwa kwamba kiatu hakiuzwi kwa kusimama. Unapiga goti, unakishika kisigino cha mtu kwenye kiganja, unaingiza taratibu, unabonyeza. Hapo ndipo mtu anakwambia ukweli, kwamba ana kidonda, au kwamba mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine na hajawahi kumwambia mtu. Basi. Wao ni vijana, watajifunza.

Huyo mtoto wa sabuni usimfukuze. Sijui anataka nini, lakini sabuni si yenyewe.

Bwana Arobaini na Sita yupo, tena kazidi. Nikikaa tu kwenye lile benchi la bluu, huyo anatokea kwenye kona, anasukuma kiti chake cha magurudumu kitupu, mabuti meupe ya mpira yanalia kwachu, kwachu. "Mama, namba arobaini na sita imefika?" Nasema bado. Anasimama, ananieleza habari za miguu ya ukoo wao mzima. Babu yake alikuwa akivaa matairi. Shangazi yake aliolewa peku kwa sababu hakuna kiatu kilichopatikana. Nacheka hata nikiwa sitaki. Kisha wananiita jina, naingia, na yeye anaendelea na njia yake.

Soma kwa bidii. Msalimie matroni.

Shangazi

6 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Huku tuko wazima. Bibi ameanza kuvaa miwani, baada ya kutia chumvi kwenye chai ya baba. Baba aliinywa yote. Anasema hakutaka kumwaibisha.

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuchana, kwa hiyo nitasema moja kwa moja kabla sijaingiza kichwa ndani. Viti vya magurudumu havisukumwi benki, wala sokoni. Watu hawaitwi jina na kuingia ndani kwa fundi saa. Na bosi wako, ambaye hujawahi kunisimulia jambo jema alilofanya, hawezi kukupa kiti kirefu ghafla kwa huruma. Ulipompima yule mtoto kwenye foleni ya maji, hukuandika ulipiga goti. Uliandika uliinama. Nimeisoma barua ile mara nyingi sana.

Shangazi, unaumwa nini?

Naomba jibu la kweli, si la kunibembeleza.

Kobe

1 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Ijumaa zimepita na matroni amenipita. Sitauliza tena swali lile kama hulitaki. Niambie tu kama mvua imeacha, au bei ya ndara. Niandikie chochote.

Kobe

8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mvua imeacha.

Ni goti. La kulia, lile ninalopiga chini kwa kila mteja. Daktari alinionyesha picha yake ukutani, akasema hapa palitakiwa kuwa na kitu laini kati ya mfupa na mfupa, na hakipo, kimesagika. Nikamuuliza kimekwenda wapi. Akasema, "Umekitumia, mama." Kama mtu anayeniambia nimemaliza sabuni. Watanipasua mwishoni mwa Julai. Wasiponipasua, nitatembea kwa mkongojo, na baadaye sitatembea.

Sikukuambia kwa sababu wewe ni mtoto, na mtoto hapewi mzigo wa mtu mzima akiwa na mitihani. Hiyo ndiyo sababu ninayoisema. Nyingine ni kwamba ukiandika jambo linakuwa kweli, na mimi nilitaka barua zako zibaki mahali ambapo sina goti.

Niseme na hili, maana umeniomba ukweli. Kupasuliwa kunaniogopesha kidogo. Kinachoniogopesha sana ni baadaye. Muuza viatu asiyepiga goti ni nani? Nilimuuliza bosi kama nitarudi kupima watu. Alikuwa anafunga boksi. Akasema, "Tutaona." Wewe na mimi tunajua "tutaona" ya bosi. Kaunta atamweka mtu mwenye kujua kompyuta.

Usimwambie baba yako. Kaka yangu akijua atakuja na gari la mizigo, atanipakia pamoja na kitanda, anirudishe nyumbani nikae na bibi tuhesabu vumbi. Nampenda, lakini sitaki. Hapa nimejenga jina. Ni jina la "Dada wa Viatu," sawa, lakini ni langu. Wakiacha kunifuata sokoni nitakuwa nani?

Sasa umejua. Usilie maktabani, utalowesha vitabu.

Shangazi

25 Juni

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Sikulia maktabani. Nililia dukani, kifuniko kikiwa kimefungwa. Mtu akagonga akauliza kama kuna dawa ya meno.

Nisikilize hadi mwisho kabla hujakasirika. Sikumwambia baba. Alikuja Jumapili, tukakaa chini ya ukuta, tukala. Baada ya muda akaniuliza, huku anatazama mbali, "Shangazi yako bado anashuka ngazi kiupandeupande kama kaa?"

Nikasema, "Baba?"

Akasema, "Alipokuja mwaka jana kumwona bibi. Alidhani nimelala. Ni goti la kulia, sivyo?"

Nilitazama ndizi yangu. Lakini baba amezoea kunisoma nikiwa kimya, maana siku zote niko kimya. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi, usiseme. Nisije nikakufanya mwongo." Kisha akavua kiatu. Shangazi, baba alivua kiatu uwanjani mbele ya wazazi wote, soksi yake ina tundu, akanyoosha mguu. "Nionyeshe anavyopima."

Mimi ambaye sipendi kutazamwa nilipiga goti kwenye nyasi, nikashika kisigino chake kama ulivyokuwa ukishika changu. Nikaingiza taratibu. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Baba alikuwa hanitazami mimi, alikuwa anatazama urefu kutoka goti langu hadi chini, pale mguu wake ulipoegemea, na mkono wangu ulipofika. Akatoa penseli nyuma ya sikio, akaandika kwenye kiganja. Sikuelewa. Wasichana wa kidato cha nne walicheka, na sikujali sana.

Aliponiaga akasema, "Mwambie sina gari la mizigo. Nina randa tu." Nimeyaandika kama alivyoyasema; sikumsomea barua yako, anakujua tu. Aliuliza tu kama watakupasua na lini, na hilo nilimjibu. Atakuja mwishoni mwa Julai awe nawe siku ile, utake usitake, na shule ikifungwa nitafuata mimi.

Hutakuwa peke yako.

Kobe wako

14 Julai

Kobe wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nimelala, tena nimeshapasuliwa. Usishtuke, naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mwandiko umepinda kwa sababu ya mto. Baba yako nimempigia, amekasirika kimyakimya, yuko njiani.

Mgonjwa mmoja hakutokea, wakaniita mapema. "Mama, upo tayari kesho?" Nani yuko tayari? Lakini ukisema hapana unarudi mwisho wa foleni. Nikasema ndiyo. Asubuhi nikavaa lile gauni lao lililo wazi mgongoni, nikakaa kitandani nimeshikilia upande wa nyuma. Hata hapo, Kobe! Hata hapo, muuguzi ananichoma sindano ananitazama usoni: "Mbona kama nakujua? Si wewe wa duka la viatu? Vile vya kijani mmeleta?" Nikamwambia, "Dada, chomoa sindano kwanza." Wodi nzima ikacheka. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mguu wake umefungwa hadi kiunoni, naye akauliza kama tunauza kiatu kimoja kimoja.

Kisha nikasikia kwachu, kwachu. Bwana Arobaini na Sita ndiye aliyekuja kunichukua. Akanisaidia kukaa kwenye kiti chake, akanifunika miguu kwa shuka, tukaanza kwenda. Ule ukumbi ni mrefu, taa moja haiwaki. Nikangoja aulize. Tukapita benchi la bluu, hajauliza. Nikaingiwa na hofu, mwanangu. Nikajiambia, huyu wamemweleza kitu ambacho mimi sijaelezwa. Tukafika mlangoni, nikashindwa kuvumilia.

"Leo huniulizi?"

Akasema, "Leo sikuulizi. Leo mteja ni wewe."

Akaingiza kiti taratibu, kama mtu anayeingiza kisigino kwenye kiatu. Nikalala. Nilipoamka, wanasema neno langu la kwanza lilikuwa, "Bado haijafika."

Goti linauma kama deni, lakini daktari anasema ni maumivu ya kupona. Bosi hajaja. Nakusubiri.

Shangazi

22 Septemba

Kobe wangu,

Marahaba kwa ile shikamoo uliyoniachia mlangoni. Tangu mwondoke, wewe na baba yako, chumba kimekuwa kikubwa. Kikombe ulichokuwa ukinywea nimekiacha pale pale, nakizunguka kama kina mwenyewe.

Nikupe habari za kigoda alichonichongea baba yako. Nilikipeleka dukani siku ya kwanza kurudi, mkongojo mkono huu, kigoda mkono huu. Bosi akakitazama. Kile kibao cha mteremko cha kuegemezea mguu wa mteja, akakishika, akakipapasa. Nikamwambia, "Kaa nikupime." Akasema ana kazi. Nikasema, "Kaa." Akakaa kwenye kiti cha wateja. Nami nikakaa kwenye kigoda changu, goti limenyooka, halijakunjwa hata kidogo, mguu wake ukaja wenyewe hadi kiganjani. Kaka yangu alipima hewani kwa penseli na hakukosea hata unene wa kucha. Nikabonyeza ncha. Nikamwambia, "Bosi, umevaa kiatu kidogo miaka yote hii." Akachezesha vidole. Mwenye duka la viatu, kiatu kinambana! Akaniambia nirudi sehemu yangu. Wale wasichana wawili wanataka vigoda vyao. Mwambie baba yako aanze kuchonga, na asiwape bei ya undugu.

Ila sikuandika kwa ajili ya kigoda.

Jumamosi nilikuwa mapumziko, nikaenda sokoni na mkongojo wangu. Mbele yangu namwona Bwana Arobaini na Sita. Sikumjua mara moja kwa sababu alikuwa na nguo za nyumbani, shati limepigwa pasi, na mkewe pembeni amebeba kapu. Alikuwa amesimamishwa na mzee mmoja anayemuuliza mambo ya hospitali, wodi ya macho iko ghorofa ya ngapi. Naye yuko mapumziko! Anamjibu kwa upole, anamwonyesha kwa mkono. Nikacheka peke yangu. Kisha macho yangu yakashuka miguuni, unajua tabia yangu.

Alikuwa amevaa viatu. Vya ngozi, vya kahawia, vya kushonwa na fundi. Namba arobaini na sita kamili, Kobe, kidole kinafika panapotakiwa, nilikiona kwa macho tu. Tena si vipya. Vilishakunjika pale kiatu kinapokunjika, soli imeanza kulika upande wa nje. Miezi mingi hiyo. Hospitalini ni mabuti meupe tu, ningejuaje?

Nikamwendea. Nikasema, "Hivi umevipata lini?"

Akatazama miguu yake kama mtoto aliyekutwa analamba sukari. "Machi, mama. Fundi alinishonea."

"Machi! Na Aprili? Na Mei, na Juni? Ulikuwa unaniuliza nini?"

Mkewe akacheka, akafunika mdomo. Yeye akahamisha uzito mguu huu, mguu ule. Akasema, "Mama, mtu akikaa benchi lile peke yake, lazima aulizwe kitu. Ningekuuliza goti, ungelia. Viatu ndivyo unavyovijua."

Nilisimama pale sokoni na mkongojo wangu. Kisha nikafanya nilichoweza. Nikamwambia viatu hivyo avipake mafuta kabla ya mvua, maana ngozi ile inapasuka. Akasema, "Asante, mama. Nilikuwa sijui." Nina hakika alikuwa anajua.

Soma, mwanangu. Kula. Na huyo mtoto wako wa sabuni, nimekuwa nikimfikiria tangu Jumamosi.

Shangazi yako

9 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliipata Ijumaa. Baba ameshaanza vigoda viwili, bibi anakaa kwenye cha kwanza na amekataa kuondoka, anasema kimemfaa. Kwa hiyo vitakuwa vitatu.

Nina habari ndogo tu.

Ijumaa ile jioni nilikwenda maktabani na barua yako ndani ya kitabu. Mtoto wa sweta akaja. Huwa nasikia viatu vyake kabla sijamwona, maana vinampwaya na kuburuza, sijui kwa nini sikuwahi kuvitazama. Walimnunulia vikubwa ili adumu navyo. Amesokota karatasi ndani, inachungulia kisiginoni.

Akasimama palepale. "Dada, sabuni za vipande zimekuja?"

Mkononi alikuwa ameshika kipande cha sabuni. Kipya, bado kina karatasi yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyemuuzia mchana.

Nikafunga kitabu. Nikasogea kwenye benchi.

"Zimekuja," nikamwambia. "Kaa nikueleze ni za aina gani."

Kobe wako